Jipsofila Imejaa Majani, Maua Hakuna

Swali la msomaji wa Uyole, Mbeya, kwa kifupi: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpambaji wa kumbi za harusi. Yale maua meupe madogo madogo ya kujazia mashada, jipso, huwa naagiza Arusha, yanafika kwa basi yakiwa yamechoka. Mwezi wa nane mwaka jana mdogo wangu alirudi kutoka Ulaya na pakiti ya mbegu, nikaotesha. Nina mashina kama 40. Majani ni mazuri, yametanda chini kama mto, lakini huu ni mwezi wa tano na sijaona hata ua moja. Machache yalioza wakati wa mvua. Mbolea ya kukuzia nimeweka mara tatu. Je, mbegu ni mbovu? Niyang'oe niyahamishie kwenye udongo mzuri zaidi? Na nikilima nusu eka, soko lipo?" Pakiti, anasema, imeandikwa Gypsophila paniculata.

Marahaba, dada yangu. Kwanza weka jembe chini, usiyang'oe. Mbegu si mbovu na mmea si mgonjwa. Mashina yako yanasubiri siku ndefu, na kwa kipimo chao siku ndefu Mbeya haijawahi kuwepo. Ukiyaacha hivyo hivyo miaka mitatu yatazidi kutanuka, na wewe utazidi kwenda stendi kupokea maboksi ya Arusha.

Jipsofila hii ya paniculata kwao ni nyika za Ulaya Mashariki kuelekea Siberia na Asia ya Kati. Huko baridi ni kali na miezi ya joto ni michache, kwa hiyo mmea umejifunza kulala ukiwa umejikunyata ardhini na kuinuka kuchanua pale tu mchana unaporefuka. Mwezi wa sita kwenye nyika za Ukraine mchana hufika saa 16. Sasa tuangalie kwetu. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, ni saa 12 na dakika 38 hivi. Ule mfupi kuliko yote, mwezi Juni, ni saa 11 na dakika 36 hivi. Tofauti ya mwaka mzima ni saa moja. Hata saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya hilo: asubuhi tunaanza kuhesabu upya, jioni tunaanza upya, kwa sababu kwetu mchana na usiku ni mapacha. Paniculata inataka mchana wa saa 14 hadi 16 ndipo iamini kwamba wakati wa maua umefika.

Hili mimi sikulisoma darasani, au nililisoma nikalisahau. Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia bustani moja nje kidogo ya mji wa Iringa. Tulipanda matuta manne ya jipsofila, miche ya aina moja, siku moja, samadi kutoka zizi moja. Matuta matatu yalibaki majani matupu. La nne, upande wa kona tu, mashina kama kumi yakarefuka ghafla, yakatoa matawi membamba, yakachanua meupe kama povu la sabuni. Tulibishana wiki nzima. Mwenzangu alisema kona ile ilipata samadi nyingi. Mimi nilisema kuna bomba linavuja chini. Aliyetupa jibu ni mlinzi, tena bila kujua: alikuja kulalamika kwamba balbu ya kona ile imeungua na yeye anakaa gizani. Balbu yenyewe ilikuwa inaning'inia juu ya mashina yale yale.

Kwa kweli mmea haupimi mwanga, unapima giza. Usiku ukiwa mrefu bila kukatizwa, unajiambia bado ni majira ya baridi, nitulie. Ukiukatiza usiku huo katikati kwa mwanga wa saa chache, mmea unahesabu usiku mfupi mara mbili, na unaamka. Ndivyo wanavyofanya wakulima wakubwa wa maua haya kule Ecuador, ambako ikweta inapita, na majirani zetu Kenya: ukipita usiku unaona mashamba yanang'aa kama mji. Hawamulikii wezi, wanamulikia jipsofila.

Jambo jingine ni umri. Paniculata iliyooteshwa kwa mbegu, hata huko kwao, mara nyingi hutumia mwaka wa kwanza kujenga mzizi na kuchanua mwaka wa pili. Mashina yako yana miezi tisa. Kwa hiyo hata ungekuwa umeweka taa tangu mwanzo, huenda ungeona maua machache tu. Na hapo hapo ndipo jibu la swali lako la kuhamisha: mmea huu una mzizi mkuu mmoja mnene unaoshuka chini sana, kama wa muhogo uliokosa adabu. Mche wa wiki sita unahamishika. Wa miezi tisa ukimkata mzizi ule, umemuua. Yaache yalipo.

Mbolea ya kukuzia nayo acha. Naelewa kwa nini uliweka: mmea hauchanui, mtu anadhani una njaa. Lakini naitrojeni nyingi inazidisha yale yale majani uliyochoka kuyaona, inayafanya kuwa laini, na majani laini yaliyolala juu ya udongo mbichi ndiyo mlango wa kuoza. Kama ulitumia SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo mbaya zaidi, maana SA inaongeza tindikali kwenye udongo, na urea nayo inafanya hivyo kwa kiasi. Ukihitaji naitrojeni siku zijazo, tumia CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu, kijiko kimoja cha chai kwa shina, mara moja miche ikishika na mara moja baada ya kukata maua. Jipsofila haina ulafi.

Sasa tindikali. Jina la mmea huu limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mpenda jasi", kwa sababu jamaa zake wengi huota kwenye ardhi yenye jasi na chokaa. Unataka udongo wenye pH kati ya 6.5 na 7.5. pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi. Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa ziko chini ya hapo, kwa sababu mvua nyingi huosha chokaa na kuiacha tindikali. Kipimo cha macho ambacho huwa nakitumia ni chai: penye chai inayonawiri, kama Mufindi, Rungwe na sehemu za Njombe, jipsofila italia, maana chai inapenda pH ya 4.5 hadi 5.5. Wenye bustani za haidranjia nao wana kipimo chao. Ua likiwa la bluu, udongo una tindikali. Likiwa la waridi, tindikali ni ndogo. Uyole wewe una bahati kidogo. Udongo wa majivu ya volkano wa huko ni mwepesi na unapitisha maji, na tindikali yake haifanani na ya Tukuyu. Ila usikisie. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, iko mlangoni kwako, na upimaji wa udongo ni kazi wanayoifahamu. Chukua udongo sehemu kama kumi za bustani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, wapelekee nusu kilo.

Hapa nikuonye jambo moja, kwa sababu nimeshaona watu wakilifanya. Mtu akisikia "mpenda jasi", anakumbuka jipsamu ya dari, anakwenda kwa fundi kuomba mabaki, anayasaga na kuyamwaga bustanini. Jasi ina kalsiamu, ni kweli, lakini haipunguzi tindikali hata kidogo. Kinachopunguza ni chokaa ya kilimo, ile ya mawe ya chokaa yaliyosagwa, na mkoa wenu si maskini wa mawe hayo. Kiwanda cha saruji cha Songwe kimejengwa pale kwa sababu hiyo hiyo. Kama vipimo vitaonyesha pH ya 5.5 hivi, anza na gramu 200 hadi 300 kwa mita moja ya mraba, changanya na udongo hadi kina cha sentimita 20, mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, kisha upime tena baada ya msimu. Udongo wa volkano ni mkaidi, haubadiliki kwa mkupuo mmoja, lakini usiulazimishe kwa kumwaga magunia. Chokaa usiichanganye siku moja na samadi mbichi wala urea, naitrojeni nyingi itaruka hewani kwa harufu. Majivu ya jikoni yanasaidia, tena ni ya bure. Tatizo lake ni kwamba hujui yana nguvu kiasi gani, kwa hiyo nyunyiza kama chumvi, si kama unga wa ugali. Kwa mashina 40 yaliyopo tayari, nyunyiza konzi moja ya chokaa kuzunguka kila shina, mbali na shingo ya mmea, na uchokonoe udongo wa juu taratibu bila kugusa mzizi.

Yale yaliyooza mvuani, ni maji. Mvua za Mbeya zinaanza Novemba hadi Aprili au Mei, na mmea wa nyika kavu haujui kuishi na miguu ndani ya maji miezi sita. Ukungu wa udongoni hushika shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mzizi, panakuwa kahawia na laini, na siku mbili baadaye shina lote linanyauka ilhali udongo umelowa. Ukiona hivyo usiongeze maji. Ng'oa, choma moto, na usipande jipsofila tena shimo hilo. Dawa ya kweli ni tuta lililoinuliwa sentimita 25 hadi 30, juu kuwe na mviringo kidogo ili maji yateleze, na usitandaze nyasi hadi kwenye shingo. Mche upandwe usawa ule ule uliokuwa nao kitaluni. Watu wengi hapa wamezoea kupanda nyanya kwa kuizika shina, wanafanya hivyo hivyo kwa jipsofila, wanaizika ikiwa hai.

Wadudu nitawapitia haraka, maana hujawalalamikia. Kiangazi angalia utitiri mwekundu chini ya majani na wale wachimba majani wanaochora njia nyeupe ndani ya jani. Vidukari huja kwenye ncha changa. Miche ikikatwa usiku mmoja kama kwa wembe, ni sota, mfukue asubuhi yuko pale pale. Ukiona uvimbe kama koliflawa kwenye shingo ya mmea, huo ni ugonjwa wa bakteria unaoijua jipsofila kwa jina, hauna tiba, toa mmea mzima. Na usichukue kipandikizi kwenye shina lenye uvimbe hata kama maua yake ni mazuri.

Turudi kwenye taa, maana huko ndiko kwenye maua yako.

Usiwashe sasa. Juni na Julai usiku wa Mbeya ni wa baridi, na jipsofila ikipata baridi chini ya nyuzi 10 pamoja na usiku mrefu inazidi kujikunyata. Utachoma umeme bure. Kwa wasomaji wa Njombe na Makete, ambako jalidi huanguka miezi hiyo, onyo hili ni mara mbili. Wewe tumia miezi hii miwili kusafisha: ondoa majani ya njano na yaliyooza, palilia, weka chokaa kidogo, mwagilia mara moja kwa wiki tu. Ikifika katikati ya Agosti, baridi ikishalegea, mwite fundi umeme aning'inize balbu mbili juu ya tuta, mita moja na nusu kutoka kwenye majani, kwa waya na vishikio vya nje visivyoogopa maji. Balbu moja ya zamani ya wati 100, ile yenye waya unaowaka ndani, inatosha duara la mita 2 hivi. Balbu hizo zinakula umeme, lakini zina mwanga mwekundu mwingi, na pia ule mwekundu wa mbali ambao jicho letu halioni vizuri na ambao jipsofila inausikiliza. LED nyeupe ya kawaida ina mwanga huo kidogo mno. Ukikosa za zamani, chukua LED ya rangi ya joto, ya manjano, wala si ile nyeupe ya kuelekea bluu.

Washa kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku, kila siku. Nunua taima, usimtegemee mtu kuamka. Umeme ukikatika usiku mmoja au miwili, endelea tu. Ukikatika wiki nzima, mmea unaweza kughairi. Endelea hadi uone vitumba, kisha zima. Kwa kawaida ni wiki 8 hadi 10 tangu kuwasha hadi maua, kwa hiyo utakuwa mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua haijakolea. Hiyo nayo ina maana yake: maua haya yakinyeshewa yakiwa yamefunguka hugeuka kahawia, na nyeupe iliyochafuka hakuna bibi harusi anayeitaka. Anayetaka kuchanuisha wakati wa mvua ajenge kwanza paa la nailoni.

Mulika nusu tu ya mashina yako, mashina 20, na nusu nyingine yaache gizani, ukiweka pazia la gunia au ubao katikati ili mwanga usivuke. Najua unaweza kusema kwa nini nisimulike yote. Kwa sababu ukimulika yote na yakachanua, bado hutajua kama ni taa, ni chokaa, au ni umri. Na kama unafikiria nusu eka, hilo ni jambo la kulijua kabla hujakopa hela ya nguzo na nyaya.

Wakati huo wa kusubiri, harusi zako hazisubiri. Jipsofila ziko aina zaidi ya mia, na kwako mimi ningeanza na ile ya msimu mmoja, Gypsophila elegans. Hii inaota, inachanua na kufa ndani ya miezi michache, maua yake ni makubwa kidogo, petali tano za wazi, mashina yanafika sentimita 45 hadi 60. Nayo hufurahia mchana mrefu, ila si mbishi kama dada yake, na haihitaji kuamshwa usiku kwa taa ili ikupe kitu cha kukata. Si kama jipso ya madukani. Matawi ni machache na wingu lake ni jepesi. Kwa meza za wageni na kwa kujazia vyungu inatosha kabisa. Kwa shada la bibi harusi, mimi binafsi bado ningeagiza.

Mbegu za elegans zioteshe pale pale zitakapokaa. Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 25, dondosha mbegu, funika kwa udongo laini wa milimita 3 tu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Zinaota siku 10 hadi 14. Punguza ili shina na shina liachane sentimita 15. Hapa huruma ndiyo inayoharibu, watu wanaacha msongamano na kupata nyuzi za kushonea badala ya mashina. Maua yake hayadumu shambani, wiki 2 au 3 basi. Kwa hiyo panda kidogo kidogo, mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, na hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya harusi: wiki 8 hadi 10 wakati wa joto, na uongeze wiki 2 au 3 kama miche itapitia Juni na Julai. Harusi ya Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mbegu iwe ardhini mapema Juni. Yaani wiki mbili zijazo.

Kukata. Kata asubuhi umande ukishakauka, nusu ya maua kwenye tawi yakiwa yamefunguka. Ukisubiri yafunguke yote, ya kwanza yatakuwa yamezeeka. Tumbukiza mashina mara moja kwenye ndoo safi yenye maji, si baada ya kumaliza tuta zima. Kama unataka vitumba vilivyobaki vifunguke ndani, weka sukari gramu 50 kwa lita moja ya maji, yaani kama vijiko vinne vya chakula, pamoja na robo kijiko cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Bila hiyo klorini umewapikia bakteria uji. Vaa glavu ukikata nyingi, maana utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu, na kwenye chumba kilichofungwa usijaze jipso peke yake. Harufu yake ikikusanyika si ya manukato, ni ya maziwa yaliyochacha. Wapambaji wanaijua lakini hawawaambii wateja.

Na hili la maboksi yako kufika yamechoka, sidhani kosa ni la umbali peke yake. Jipsofila ni adui mkubwa wa gesi ya ethilini, ile inayotolewa na matunda yanapoiva. Mimi niliwahi kusafirisha mafungu 60 kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam kwa basi la usiku. Yaliondoka yakiwa mabichi, yakafika yamejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka. Nilimlaumu kila mtu hadi nilipoambiwa kwamba kwenye buti maboksi yangu yalipangwa katikati ya mikungu ya ndizi mbivu. Kwa mkoa wenye ndizi na maparachichi kama wenu, hili ni la kulitazama kwa macho mawili. Muulize anayekutumia maua yanapakiwa na nini. Mwombe pia ayaloweke kwanza kwenye dawa ya madini ya fedha ambayo wakulima wa maua hutumia kuzuia ethilini; mkulima makini anaijua. Na nyumbani kwako, ndoo ya maua isikae chumba kimoja na tenga la ndizi.

Yakibaki baada ya harusi usitupe. Funga mafungu madogo, yaning'inize kichwa chini mahali pakavu penye kivuli na upepo. Yanakauka vizuri, na baada ya wiki mbili una maua ya meza yatakayokaa miezi.

Kuhusu nusu eka: hapana, si mwaka huu. Sababu si soko. Maua yanayouzwa madukani, Million Stars na Perfecta kwa mfano, hayatokani na mbegu. Yanatokana na vipandikizi au miche ya maabara, na kila shina linafanana na jirani yake. Mashina yako 40 ya mbegu yatakapochanua utaona mwenyewe: lile lina petali za safu moja, hili limejaa, lile refu, hili fupi. Kwa ukumbi wako ni sawa. Duka la maua halitakubali. Kwa hiyo nusu eka ni miche ya kununua, tena aina nyingi zina hakimiliki na hairuhusiwi kuzizalisha bila kulipa. Ni taa, ni nailoni, ni umwagiliaji wa matone, ni wavu wa kushikilia mashina yasilale. Ukiagiza miche au mbegu nje ya nchi, anza na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla ya kulipa. Ile pakiti ya mdogo wako ilipita kwenye begi, yamepita, lakini magonjwa ya mimea yanasafiri hivyo hivyo.

Na kama jipsofila yako ya petali za safu moja itazaa mbegu, usitupe makapi yake porini. Huko Marekani, kwenye vilima vya mchanga vya Michigan, paniculata ilitoroka bustanini ikageuka gugu linalong'olewa kwa jembe hadi leo. Wewe uko karibu na Hifadhi ya Kitulo, kule wanakokuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake ya asili. Kata maua yanaponyauka, choma.

Anza na matuta matatu ya elegans na yale mashina 20 ya chini ya taa. Andika kwenye daftari ni mafungu mangapi unatumia kwa kila harusi kuanzia sasa hadi Desemba, na mangapi ulinunua. Kisha Oktoba, siku moja, piga picha mbili: shina lililokaa chini ya taa na shina lililokaa gizani. Nitumie zote mbili pamoja na hesabu za daftari, ndipo tuzungumze nusu eka.